Kuvua Msimu wa Kusi: Mwongozo kwa Wanaotokea Bara ya Jiji

Alfajiri ya Julai Kinyerezi, mbali na pwani, huwa tulivu. Miembe haitikisiki, anga limetakata, na mwenye mshipi wake huona siku imekaa vizuri kwa kuvua. Hapo ndipo wengi huponzeka, maana utulivu wa Kinyerezi hausemi lolote kuhusu bahari iliyo kati ya Dar es Salaam na Unguja. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi ndio wenye bahari. Kwa hiyo amua jioni kama utakwenda, kabla hujafunga mzigo.

Anza na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Angalizo la msimu huu mara nyingi hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Ukilikuta, usiende, hata nahodha akuhakikishie kwamba amezoea. Wimbi la mita 2 linapita kimo cha watu wengi. Boti ndogo ya faiba hulipanda kwa shida na kulishuka kwa hatari.

Hata pasipo angalizo, saa ina maana kubwa. Alfajiri hupuliza umande kutoka nchi kavu na bahari huwa laini. Jua likipanda, upepo wa baharini huungana na kusi, na mchana mawimbi huanza kupasuka meupe. Toka saa kumi na moja alfajiri, uwe umerudi kabla ya saa sita.

Kisha hesabu mwezi. Wakati wa bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mkondo wa pwani uendao kaskazini nao huongeza kasi msimu wa kusi. Mshipi hulala ubavu na chubwi haifiki chini. Kwa hiyo chagua maji mafu, takriban tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 za mwezi mwandamo. Kalenda ya Kiislamu husaidia sana. Wakati mzuri kuliko wote ni maji yanaposimama, kabla ya kuanza kujaa au kupwa.

Tumia chubwi nzito kuliko ya msimu wa kaskazi. Kwa chambo napendelea ngisi, nyama yake ngumu haitoki upesi kwenye ndoana. Shusha mpaka chubwi iguse chini, inua shibiri moja, kisha mshipi ukae juu ya kidole cha shahada. Vidonyo vidogo viache vipite. Changu akivuta kwa uzito, ndipo nawe uvute.

Kwa asiye mzoefu, Ghuba ya Msasani ina nafuu kwa kuwa rasi inaikinga na kusi. Lakini Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, na kuvua humo ni marufuku. Uliza viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) kwenye diko kuhusu mipaka na vibali kabla ya kupanda chombo.

Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Chukua na sweta kavu, kwa sababu mwili uliolowa ukipigwa na upepo wa kusi hutetemeka, na mikono ikifa ganzi haishiki mshipi wala kamba ya nanga. Mwachie mtu wa nyumbani jina la chombo, diko ulilotokea na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita na simu yako haipatikani, aanze na watu wa diko, kisha Polisi Wanamaji, bila kungoja giza.