KWA MWENDO WA WATOTO

Somo la mwezi huu: Mwanzo 33:12–17. Soma pia Luka 2:41–52.

Kila Desemba shule zikifungwa, wengi wetu hapa Lushoto huanza kufunga mizigo. Wazee wetu wako Bonde: Magila, Mkuzi, Misozwe, Umba, au mjini Tanga. Babu na bibi wanataka kuwaona wajukuu, nasi twataka kuwapeleka. Safari hiyo ni njema. Lakini safari ya wazazi wenye watoto wadogo si sawa na safari ya mtu mzima mwenye mfuko wake begani, na Maandiko yameliona jambo hilo zamani sana.

Yakobo alikuwa akirudi kwao baada ya miaka mingi, pamoja na wake zake, watoto wake na mifugo yake. Njiani akakutana na Esau, kaka yake, aliyekuja na watu 400. Wakakumbatiana, wakalia. Kisha Esau akasema waandamane pamoja. Yakobo akakataa kwa upole. Akaeleza ya kuwa watoto bado ni wadogo, na wanyama wananyonyesha. Wakikimbizwa hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Akamwomba kaka yake atangulie, naye atamfuata polepole kwa kadiri watoto watakavyoweza.

Wako wanaosema kwamba Yakobo alikuwa akitafuta udhuru kwa sababu bado alimwogopa Esau. Ni kweli hakumfuata mpaka Seiri, alikwenda Sukothi. Lakini hata kama moyoni alikuwa na hofu, neno alilolisema ni la mchungaji mwenye kujua kazi yake. Msafara hauendi kwa mwendo wa mwenye nguvu. Unakwenda kwa mwendo wa aliye mdogo kuliko wote. Hilo ndilo somo letu.

Sisi wenyewe tulijifunza neno hili kwa machungu. Mwaka mmoja tuliitwa kwenye harusi ya ndugu karibu na Muheza. Tulipanga kila kitu isipokuwa watoto: nguo za harusi, zawadi, nauli, hata viazi vya kumpelekea bibi. Tulisafiri kwa haraka, tukalala siku mbili sebuleni bila chandarua kwa kuwa nyumba ilijaa wageni, tukarudi kwa haraka. Siku ya 11 baada ya kurudi, mtoto wetu mdogo akapata homa. Tukasema ni mafua, baridi ya Lushoto imempata. Tukampa dawa ya homa, akalala. Usiku wa pili akashikwa na degedege. Tulipofika hospitalini wakapima damu: malaria. Mungu alimponya kwa mikono ya waganga, lakini mganga alituuliza swali moja ambalo hatukuwa na jibu lake: "Mlipomleta, kwa nini hamkusema mara moja kwamba alitoka Bonde?"

Basi na tuitazame safari hii hatua kwa hatua.

1. Siku na saa

Chagua siku kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya sherehe tu. Ukiweza, fika siku moja kabla, na urudi siku moja baadaye. Ondoka asubuhi kukiwa kweupe, ili mteremko uushuke mchana na mchana wa jua kali ukukute umekwisha fika au umekaribia. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na wengine hupenda kwa kuwa watoto hulala. Lakini usiku dereva haoni vizuri, naye huchoka. Na gari likiharibika porini saa nane za usiku, mama mwenye mtoto mgongoni ataomba msaada kwa nani? Mwenye nafasi ya kuchagua na achague mchana.

Angalia na mvua. Wakati wa masika na wa vuli, mvua kubwa huweza kuporomosha mawe na udongo katika barabara ya milimani. Kabla ya kutoka, ulizia kwa waliopanda kutoka Mombo siku hiyo au jana yake. Na kama njia ni mbaya, subiri. Bibi ataelewa.

2. Mteremko wa Mombo

Lushoto iko kama mita 1400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo kama mita 400. Maana yake, katika kilomita 33 hivi twashuka mita 1000, kona juu ya kona, kupitia Soni. Mtu mzima hupumzisha macho kwa kutazama maporomoko ya maji. Mtoto hutapika.

Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio hushikwa zaidi na kichefuchefu cha gari. Sababu yake ni kwamba masikio yanauambia mwili kuwa unayumba, na macho, yakiwa yametazama kiti cha mbele, yanasema umetulia. Kwa hiyo mkalishe mtoto mahali anapoweza kuona mbele na mbali, wala si kiti cha nyuma kabisa. Asitazame simu wala kitabu katika kona. Asubuhi ale kidogo: uji mwepesi au mkate mkavu. Chai nzito ya maziwa na maandazi ya mafuta yangoje mpaka Mombo au Korogwe. Dirisha liwe wazi kidogo. Chukua mifuko, kitambaa chenye maji na nguo moja ya kubadili, na viwe mkononi, si ndani ya sanduku lililofungwa juu ya gari. Na mtoto akitapika, usimkemee. Hakufanya kusudi.

Kama ni gari lenu wenyewe au la kukodi, simameni Soni, watoto washuke, wavute hewa. Kama ni basi, mwambie kondakta mapema, kwa heshima, kwamba una watoto. Na dereva akienda mbio katika kona, semeni. Abiria ishirini wakinyamaza kwa aibu, hakuna atakayesema kwa niaba ya mtoto mchanga.

Neno juu ya mikanda. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja. Usimpakate mtoto ukapitisha mkanda mbele yenu nyote wawili. Gari likigonga, uzito wako utamponda yeye. Wala usimpakate katika kiti cha mbele karibu na dereva. Mahali pa mtoto ni kiti cha nyuma, na kama kuna kiti maalumu cha watoto, ndicho bora. Kumlipia mtoto nafasi yake si kupoteza fedha.

3. Joto la nchi ya chini

Watoto wetu hutoka nyumbani na sweta mbili. Wakifika Mombo joto huwapiga ghafula. Wavalishe nguo unazoweza kuzipunguza moja moja. Chukua maji yaliyochemshwa ya kutosha, mtoto anywe kidogo kidogo njiani. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Matunda ya njiani ni mazuri, mapeasi ya huku juu na machungwa ya Muheza, lakini yaoshwe au yamenywe kwa mikono safi. Weka pakiti mbili za dawa ya chumvichumvi ya kuchanganya na maji, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, maana kuhara njiani humkausha mtoto upesi.

4. Kuhesabu

Sasa soma Luka 2. Mariamu na Yosefu walikuwa wazazi wema, nao walisafiri pamoja na jamaa na majirani. Hata hivyo walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani Mtoto yumo katika msafara. Kila mmoja alidhani yuko na mwingine. Walimpata baada ya siku tatu. Haikuwa kwa kukosa upendo. Ilikuwa kwa kudhani.

Hatari ya mtoto mwenye jamaa wengi ni hiyo: kila mtu ni mlezi wake, kwa hiyo hana mlezi. Nasi tuna shangazi, mjomba na binamu katika safari moja. Basi kabla ya kutoka, kila mtoto apewe mtu mzima mmoja, kwa jina: "Huyu ni wako mpaka tufike." Mahesabu yafanyike kila gari linaposimama na kabla halijaondoka: Mombo, Korogwe, na hasa Segera, pale njia ya Tanga inapoachana na ile ya Chalinze na Dar es Salaam, ambako watu hushuka wengi na kupanda wengi. Mtoto mwenye kuweza kusema afundishwe jina la baba na mama, si "Baba" na "Mama" tu. Na kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye jina la mzazi na namba ya simu.

5. Homa

Hapa ndipo tulipoanguka sisi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Huku juu mbu wa malaria ni wachache kwa sababu ya baridi. Kadiri unavyoshuka wanaongezeka. Milima yetu imechunguzwa sana juu ya jambo hili, na Amani, katika Usambara ya mashariki, pamekuwa mahali pa utafiti wa malaria tangu katikati ya karne ya 20. Mtoto aliyekulia Bonde huumwa na mbu hao tangu uchanga wake, na mwili wake, akinusurika, hujifunza kidogo kidogo kupigana na ugonjwa. Mtoto wa Lushoto hana mafunzo hayo. Damu yake ni ya babu yule yule wa Bonde, lakini kinga si urithi wa ukoo. Kwa hiyo binamu wawili wakilala kitanda kimoja bila chandarua, anayeweza kuugua vibaya zaidi ni yule mgeni kutoka mlimani.

Basi chandarua chenye dawa kiwe kitu cha kwanza kuingia katika mzigo, kabla ya nguo za harusi. Usidhani utakikuta huko. Nyumba ya wageni wengi haina vyandarua vya kutosha, na ni vigumu kumwomba mwenyeji. Mbu hawa huuma usiku. Watoto wavae mikono mirefu jioni na waingie ndani ya chandarua mapema. Chukua na kadi ya kliniki ya kila mtoto.

Tena dawa zikae mahali pasipopotea. Askofu Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu iliyotuletea Injili huku, alisafiri kwa mtumbwi katika mto Shire. Mtumbwi ukapinduka na dawa zao zikapotea majini. Akashikwa na homa asiwe na cha kujitibu, akafa tarehe 31 Januari 1862. Hatusemi haya ili kumlaumu mtumishi wa Mungu. Twasema ili mama asiweke dawa ya mwanawe katika mzigo utakaofungwa juu ya basi.

6. Safari haijaisha mkifika nyumbani

Malaria haionekani siku mbu alipouma. Kwa kawaida hutokea baada ya siku 7 hadi 30. Kwa hiyo andika katika kalenda siku mliyorudi, na kwa mwezi mzima kila homa ya mtoto ihesabiwe kuwa huenda ni malaria mpaka ipimwe. Mpeleke siku hiyo hiyo, na neno lako la kwanza kwa mganga liwe: "Tumetoka Bonde tarehe fulani." Kipimo cha haraka huchukua muda mfupi, na dawa mseto hutibu vizuri mtoto akiwahi. Apewe dozi yote hata kama homa imeshuka. Lakini mtoto akikataa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, au akilala usingizi asioamka vizuri, usingoje asubuhi.

Ndugu, kufanya matayarisho haya si kukosa imani. Yakobo alikuwa ameshindana na Mungu usiku kucha na kubarikiwa, na kulipokucha bado aliangalia miguu ya watoto. Aliyebarikiwa huwahurumia waendao polepole. Na wale wasio na watoto, wakisafiri nasi, watusaidie: wabebe mfuko, waache kiti cha mbele, wasituulize mbona tunachelewa. Tutafika.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwa nini Yakobo alikataa kuandamana na Esau? Ni nani katika nyumba yetu asiyeweza kufuata mwendo wa wengine?
2. Mariamu na Yosefu walidhani. Sisi twadhani mambo gani juu ya watoto wetu bila kuhakikisha?
3. Katika safari yetu ijayo, nani atamwangalia nani? Chandarua kiko wapi?

Sala

Ee Bwana, uliyebebwa na Mama yako njiani ulipokuwa mchanga, uwatazame watoto wetu katika safari zao. Uwape madereva macho ya kuona na moyo wa huruma. Utufundishe sisi wazazi kwenda polepole, kuhesabu vema, na kurudi salama na wote uliotukabidhi. Amina.