Kuhamisha Perege

Katika nchi ya Lulindi, chini ya uwanda wa juu wa Wamakonde, maji ni mali. Kiangazi kinapozidi, bwawa dogo la perege hubaki matope, na mwenyewe hana budi kuwahamisha samaki mpaka mvua.

Mwenye haraka huwatia wote ndooni adhuhuri. Jioni huwakuta wamekufa. Kwa nini? Samaki huvuta hewa iliyo ndani ya maji kwa matamvua yake. Maji ya moto yana hewa kidogo kuliko ya baridi, na samaki mwenye hofu huhitaji hewa zaidi. Tena jike la perege huhifadhi mayai yake kinywani. Akitishwa huweza kuyatema.

Mwenye busara huanza siku moja mbele. Hawalishi, ili wasichafue maji, na huweka pipa la maji kivulini. Alfajiri huwavua wachache wachache kwa wavu laini. Mikono huilowesha kwanza, maana mkono mkavu huondoa ute unaoilinda ngozi yao.

Afikapo penye pipa, hawamwagi. Huielesha ndoo ndani ya pipa hata maji yawe na joto moja, kisha huongeza maji ya pipa kidogo kidogo, ndipo huiinamisha, samaki watoke wenyewe. Akiwaona wakitweta juu ya maji, huchota maji na kuyamimina kutoka juu, yapate hewa.

Mvua zinapolijaza bwawa, huwarudisha kwa taratibu ile ile. Wakiwa hai madume na majike machache tu, bwawa litajaa samaki tena.