Fidia utaipata, lakini si kwa siri

*Shangazi, nafanya kazi katika shamba la maua hapa Naivasha. Januari nilikopa Sh6,000 kwa apu ili mtoto apate sare ya shule. Nilipochelewa wiki mbili, wakaanza kusumbua watu walio kwenye simu yangu: supavaiza, mwekahazina wa chama chetu, hata mama mkwe kule Molo. Wote waliandikiwa kwamba mimi ni mwizi, nimetoroka na pesa zao. Chamani sikanyagi tena. Deni nimebakisha Sh2,000. Nasikia kuna watu waliolipwa fidia. Mume wangu si mkali, hajawahi kuniinulia mkono, lakini jumbe hizo nilizifuta zote asizione. Nitadai vipi bila yeye kujua?*
*Mama Wawili, Karagita*

Mama Wawili, mama mkwe aliandikiwa kwamba wewe ni mwizi. Huyo ndiye aliyemzaa mumeo. Unadhani aliusoma ujumbe ule akanyamaza miezi yote hii? Mimi naona huenda mumeo anajua tangu zamani. Kila jioni anakuona ukilaza simu kifudifudi mezani, naye anangoja uanze wewe.

Uliniuliza njia ya kudai fidia. Njia ipo, na nitakuonyesha. Lakini kwanza nikukemee kidogo, mwanangu. Ulipofuta zile jumbe ulifuta ushahidi wako mwenyewe, na ulifanya hivyo kumficha mtu ambaye kwa kauli yako hajawahi kukuinulia mkono. Ungeniandikia kwamba unaogopa kipigo, ningekujibu mengine kabisa. Wewe huogopi kipigo. Unaogopa kuonekana umeshindwa.

Haki yako ni hii. Kanuni za Benki Kuu kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, zilizotangazwa Machi 2022, zinamkataza mkopeshaji kutisha, kutukana, kumwanika mteja hadharani au kupekua orodha ya nambari zake ili awasumbue watu wake deni likichelewa. Usijilaumu eti ulibonyeza "kubali" ulipoweka ile apu. Mama mkwe hakubonyeza chochote. Supavaiza wako hakukopa hata shilingi.

Juu ya hizo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 65 kinampa fidia mtu aliyeumizwa na matumizi mabaya ya data yake, na kinataja wazi kwamba madhara si hasara ya pesa peke yake. Mfadhaiko wa moyo nao umo. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo, na uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Wala si sheria ya kupamba rafu. Septemba 2023 Kamishna Immaculate Kassait aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizotoka kwa watu wengine, kisha kuwatumia wenyewe vitisho. Ila usichanganye mambo: faini huenda kwa serikali. Fidia ndiyo inayokuja kwako, na lazima uiombe ukiwa na ushahidi mkononi.

Ushahidi huo uko wapi sasa, maadamu kwako haupo? Uko kwa mama mkwe. Uko kwa supavaiza. Uko kwa mwekahazina wa chama usichokanyaga. Kila mtu unayemkwepa amebeba kipande cha kesi yako mfukoni mwake. Huna njia ya kwenda kwa Kamishna isiyopitia kwao, na ndiyo maana nasema hutadai kwa siri. Mficha uchi hazai.

Sasa nikwambie ninaloliamini kabisa. Nyumba ya mume na mke haipaswi kuwa na deni linalojulikana na mmoja tu. Si lazima mwenzako alipe, wala si lazima akuruhusu kukopa. Ila ajue. Wakusanya madeni hawa hawana askari wala hati ya korti, na kushindwa kulipa mkopo peke yake si kosa la jinai. Silaha yao ni moja: kwamba kuna mtu hutaki ajue. Wakimtafuta mama mkwe kabla ya supavaiza, si kwamba wanamjua; wanajua wewe utakopa kwingine uwalipe ilimradi asisikie. Mumeo akishajua kwa kinywa chako, wakimpigia simu watamkuta ana jibu.

Tena, ulikopa kwa nini? Sare ya mtoto! Hukuzitapanya pesa. Mtoto huyo ana baba, na sare ile ilikuwa shughuli ya wote wawili. Umeubeba mzigo wa watu wawili ukauita aibu ya mmoja. Wanawake wangapi wa Karagita na Kaptembwo wanafanya hivyohivyo kila shule zikifunguliwa, kisha wanatuambia ni uvumilivu! Mimi siuiti uvumilivu. Ni kumnyima mumeo nafasi ya kuwa baba.

Zungumza naye leo, watoto wakilala. Usianze na apu. Anza na sare. Mwisho wa wiki nendeni Molo pamoja, muombe mama awape picha ya ule ujumbe, ionyeshe nambari iliyoutuma na tarehe. Kwenye chama rudi mkutano ujao, useme wazi lililokupata. Usishangae mwenzako wa pembeni akitoa simu yake na kukuonyesha matusi ya aina hiyohiyo. Chukua taarifa yako ya M-Pesa inayoonyesha mkopo na malipo. Angalia kama mkopeshaji yumo katika orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni. Kama hayumo, peleka malalamiko kwa Benki Kuu pia. Mama mkwe na supavaiza nao wana haki ya kulalamika kwa majina yao, kwa sababu nambari zao zilitumiwa bila idhini. Kisha ndipo upeleke malalamiko kwa Kamishna.

Ile Sh2,000 ilipe, uhifadhi risiti. Dawa ya deni ni kulipa, na fidia haifuti ulichokopa. Kukopa ulikopa wewe, kwa hiyo lipa. Kukuita mwizi mbele ya mama mkwe ni kosa lao, nao walipe.