Mali Bila Daftari: Maktaba na Hati Zetu za Kale Katika Tarakilishi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna mali tele: tenzi, barua na vitabu vya dini vilivyoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, huko Lamu, Pate, Siu na Mombasa. Lakini karatasi ina maadui wengi. Kuna unyevu wa pwani, kuna mchwa, kuna moto, na kuna mikono yetu wenyewe inayozifunuafunua.

Siku hizi maktaba huzipiga picha hati hizo na kuzitia katika tarakilishi. Basi wengi wetu hudhani kazi imekwisha hapo. La hasha! Picha ni mwanzo tu. Nitaeleza hatua tatu ambazo bila hizo picha hizo hazimfai mtafiti yeyote.

1. KUKUSANYA

Zamani, Mzungu aliyetaka utenzi alimlipa mwandishi amnakilie. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, alikuwa hodari wa hati na mchongaji pia. Aliwanakilia wataalamu kama Alice Werner na William Hichens, na nyingi za kazi hizo sasa zimo katika chuo cha SOAS, London. Zimesalimika, nasi twashukuru. Lakini kwa miaka mingi Mlamu aliyetaka kuzisoma ilimbidi apande ndege!

Sasa tazama njia ya pili. Mwaka wa 2004, Maktaba ya Uingereza ilianza mpango wa kuokoa hati zilizo hatarini duniani. Miongoni mwa hati zilizopigwa picha ni zile za Msikiti wa Riyadha, Lamu, ambazo nyingi ni za Kiarabu. Sharti la mpango huo ni kwamba hati yenyewe haitoki nchini mwake. Kinachosafiri ni picha, na nakala nyingine ya picha hubaki huku huku.

Upigaji wenyewe una adabu zake. Kamera husimama juu, kitabu hakibonyezwi kikavunjika mgongo. Kando huwekwa rula na kadi ya rangi, ili mtafiti ajue ukubwa na rangi halisi. Hupigwa kila ukurasa, hata jalada na pambizo, kwa sababu mara nyingi jina la mwenye kitabu limeandikwa hapo pembeni.

Kisha huja daftari, yaani maelezo ya kila hati: jina, mtunzi, mwandishi, tarehe, lahaja, mahali, na mwenye mali. Hapa ndipo kazi ilipo. Kijuma huandikwa pia Kijumwa. Watu wa Lamu husema utendi, sisi wa darasani twasema utenzi. Daftari lisipoyafunga majina haya pamoja, anayetafuta moja hatalipata la pili. Hati ipo, lakini kwake ni kama haipo.

2. KUHIFADHI

Hebu tupige hesabu kidogo. Ukurasa wa A4 ukipigwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, kwa rangi, hupata nukta 2480 kwa 3508. Kila nukta huchukua baiti 3. Jumla ni takriban megabaiti 26 kwa ukurasa mmoja tu! Utenzi wa kurasa 50 utafika megabaiti 1300. Kwa hivyo maktaba huweka faili mbili: faili kuu isiyopunguzwa, ambayo hutunzwa na kuguswa kwa nadra, na faili ndogo ya kusomwa na watu.

Faili nayo huoza, ingawa haina mchwa. Disketi za miaka ya tisini ziko wapi? Tarakilishi za leo hazina hata tundu la kuzitia. Ndiyo maana maktaba huhamisha faili kabla chombo hakijapitwa na wakati. Pia tarakilishi huipigia kila faili hesabu ikapata namba yake ndefu. Ikirudia hesabu mwakani na namba ikawa tofauti, basi faili imeharibika, na hurejeshwa kutoka nakala nyingine.

Hizo nakala nyingine zisikae nyumba moja. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliishambulia Maktaba ya Uingereza, na huduma zake nyingi zikakatika kwa miezi. Ikiwa kubwa hilo lilitikisika, sembuse dogo? Nakala moja ikae Lamu, nyingine Nairobi, nyingine ng'ambo.

3. KUGAWANA

Hati iliyofungiwa haina faida kwa mtafiti. Lakini kugawana si kumwaga kila kitu hadharani. Barua za ukoo au dawa za siri zina wenyewe, na wenyewe ndio wa kuulizwa kwanza. Yanayoruhusiwa yawekwe wazi, bure, na jina la mwenye mali litajwe. Na mwanafunzi wa Siu aweze kuyafungua kwa simu ndogo, si profesa wa London peke yake.

TAMATI

Wanachama wenzangu, funzo ni hili: picha bila maelezo ni kiziwi, picha bila nakala ni mgonjwa, na picha asiyoifikia mwenyewe ni mali ya mwingine. Nasi tusingoje wageni. Majarida ya zamani ya chama chetu yamo katika kabati la maktaba. Tuanze nayo, na tuanze na daftari.

ZOEZI

(a) Kwa nini ukurasa hupigwa picha pamoja na rula na kadi ya rangi?
(b) Eleza tofauti ya faili kuu na faili ya kusomwa.
(c) Chagua hati moja ya zamani nyumbani kwenu. Omba ruhusa, kisha uiandikie maelezo yake kamili.