VITABU VIFUPI VYA IMANI: TUVITUMIE NAMNA GANI KATIKA JUMUIYA?



Somo la safari hii ni la makatekista, viongozi wa jumuiya, na wazazi wanaofundisha watoto nyumbani. Tutaangalia vitabu vifupi vya mafundisho ya imani: vina nini ndani, na vinatusaidia vipi hapa Kariobangi.

Kwa nini jambo hili ni la maana?

Mwaka 1973, na tena 1976, maaskofu wa AMECEA walikubaliana kwamba Kanisa katika nchi zetu lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Tangu hapo mafundisho mengi hayatoki kwa padre. Jirani anamfundisha jirani, chumbani ndani ya ploti, jioni watu wakitoka kazini. Hili ni jambo jema. Lakini jirani akijibu swali la imani kwa kubahatisha, anaweza kumuumiza mtu.

Tuseme mama amejifungua, na mtoto amefariki siku ya pili kabla ya kubatizwa. Wanajumuiya wanakuja kumfariji. Mama anauliza, "Mtoto wangu yuko wapi sasa?" Mmoja anamjibu kwamba mtoto asiyebatizwa hawezi kumwona Mungu, eti ndivyo wazee walivyofundishwa zamani. Wengine wananyamaza. Huyu mama anabaki na mizigo miwili, wa kufiwa na wa kuhukumiwa. Na huo mzigo wa pili si Kanisa lililomtwika.

Vitabu vyenyewe

Kwanza kuna kitabu kikubwa, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Ina aya 2,865. Imegawanywa sehemu nne: Kanuni ya Imani, Sakramenti, maisha ya Mkristo pamoja na Amri za Mungu, na Sala. Ni kama kisima: maji yote yako humo, lakini si kila mtu ana kamba ndefu.

Kwa sababu hiyo mwaka 2005 Papa Benedikto XVI alitoa Kompendio, yaani muhtasari wa Katekisimu hiyo. Ina maswali na majibu 598, kwa mpango uleule wa sehemu nne. Mwishoni kuna sala za kawaida ambazo kila Mkatoliki anapaswa kuzijua.

Kwa vijana kuna YOUCAT ya mwaka 2011, yenye maswali 527 kwa lugha ya kijana. Kuhusu haki, kazi na siasa kuna Kompendio ya Mafundisho Jamii ya Kanisa ya mwaka 2004, na DOCAT ya mwaka 2016 ambayo inaeleza mafundisho hayohayo kwa vijana.

Namna ya kutumia

1. Anza na swali la watu, usianze na ukurasa wa kwanza. Uliza wanajumuiya wanasumbuliwa na nini, kisha tafuta jibu kwenye faharasa mwisho wa kitabu.

2. Soma jibu fupi kwa sauti, mara mbili. Halafu mtu mmoja alieleze kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa, ujue bado halijaeleweka, hata kama amelikariri.

3. Fuata namba. Katika Kompendio kila swali limewekewa namba za Katekisimu kubwa. Jibu fupi ni mlango tu, na namba hizo ndizo zinazokuingiza ndani ya nyumba.

4. Angalia mwaka wa kitabu chako. Mwezi wa Agosti 2018 Papa Fransisko alibadilisha aya ya 2267, na sasa Kanisa linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Katekisimu iliyochapishwa kabla ya hapo haina maneno hayo.

5. Ukikosa jibu, sema, "Nitamuuliza paroko." Hiyo si aibu.

Tujaribu kwa mifano miwili

Swali la yule mama liko kwenye Kompendio namba 262. Ukifuata namba zake utafika aya ya 1261 ya Katekisimu. Hapo Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu anayetaka watu wote waokoke, na linatukumbusha jinsi Yesu alivyowapenda watoto. Linatuachia tumaini. Neno limbo halimo kabisa ndani ya Katekisimu hiyo. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia nayo ilieleza kwamba tuna sababu nzuri za kuwa na tumaini hilo. Aya hiyo pia inasisitiza watoto wasicheleweshewe Ubatizo, na aya ya 1256 inaeleza kwamba wakati wa dharura mtu yeyote anaweza kubatiza, mradi akusudie kufanya kile Kanisa linachofanya na atumie maneno ya Utatu Mtakatifu. Wakunga na akina mama wetu wanajua hivyo?

Mfano wa pili: kijana anachomelea vyuma kule Light Industries, na mwenye karakana hajamlipa miezi miwili. Wote wawili hupokea Komunyo Jumapili. Je, ni mambo ya biashara tu? La. Katekisimu, aya ya 2434, inasema kumnyima mtu mshahara wa haki kunaweza kuwa kosa zito. Kompendio ya Mafundisho Jamii, namba 302, inaongeza kwamba hata kumcheleweshea ni dhuluma. Kijana huyu akienda kwa kamati ya Haki na Amani, haendi kuomba msaada, anaenda kudai chake.

Ndugu zangu, si lazima kila nyumba iwe na vitabu hivi vyote. Jumuiya ikichanga kidogo kidogo inaweza kununua Kompendio moja, ikae kwa katibu, na kila mkutano swali moja lisomwe baada ya Injili. Dakika kumi zinatosha.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni swali gani la imani ambalo watu wa ploti yetu huuliza, nasi hujibu kwa kubahatisha?
2. Ni nani kati yetu anajua kubatiza wakati wa dharura? Tutawafundishaje wengine?
3. Kuna mtu katika jumuiya yetu aliyeumizwa na jibu lisilo sahihi? Nani atamtembelea wiki hii?