Juu ya Kutungisha Mimba Nje ya Tumbo

Watu wa ndoa wasiojaliwa mtoto hutuuliza mara kwa mara kama njia ya madaktari ya kutungisha mimba nje ya tumbo yaweza kuwafaa. Yatupasa kuijua kwanza, ndipo tujibu.

Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Mirija ya uzazi ya mamaye ilikuwa imeziba. Basi Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy wakalitoa yai lake, wakaliunganisha na mbegu ya mumewe chomboni, kisha wakakitia kiinitete tumboni mwake. Tangu hapo wamezaliwa mamilioni. Lakini ziko taabu tatu.

Kwanza, dawa za kukomaza mayai mengi pamoja huweza kuvimbisha vifuko vya mayai kupita kiasi. Maji hujaa tumboni, damu huganda, na mara chache mwanamke huwa katika hatari ya kufa.

Pili, wengine hutaka viinitete vingi vitiwe pamoja, wakidhani ndiyo hakika. Kumbe mimba ya watoto wengi huzaliwa kabla ya wakati, na mama huweza kupatwa na shinikizo la damu. Huko California, Januari 2009, mwanamke mmoja alizaa watoto 8 baada ya kutiwa viinitete 12; daktari wake alinyang'anywa cheti mwaka 2011. Siku hizi madaktari wengi huona afadhali kutia kimoja tu.

Tatu, mara nyingi haifaulu, hasa mwanamke apitapo miaka 40. Nayo gharama hulipwa vilevile. Auzaye shamba ajue ya kuwa aweza kubaki hana shamba wala mtoto.

Kwa hiyo mwulizeni daktari kabla ya kulipa: Katika wanawake 100 wa umri huu, wangapi huzaa mtoto hai? Vitatiwa viinitete vingapi? Tukikosa, tutadaiwa nini tena?

Tena liko neno moja kwa wazee na wakwe. Mke huitwa tasa, pengine hufukuzwa, hali kasoro yaweza kuwa ya mume. Kuzipima mbegu za mume ni kazi nyepesi, haina kisu wala maumivu. Basi mume na apimwe pamoja na mkewe, wala mtu asimhukumu mke kabla ya hapo.