SOMO: NDEGE MOJA, WENYEWE WENGI



Mtauliza, ndege inatuhusu nini sisi watu wa jembe? Ngojeni kidogo.

Pale Nairobi, katika uwanja wa Wilson, kuna klabu iitwayo Aero Club of East Africa, iliyoanzishwa mwaka wa 1927. Ndege ni ghali mno kwa mtu mmoja, ndiyo sababu watu huungana katika klabu za namna hii. Klabu nyingi huwa na ndege za kufundishia na za kukodi kwa saa. Anayetaka leseni ya rubani wa ndege ndogo ya binafsi hupimwa afya na daktari, na kwa kawaida huruka si chini ya saa 40, kwanza na mwalimu, halafu peke yake.

Je, ndege ya watu wengi inadumu vipi? Kwa mambo matatu:

1. Kukagua. Hakuna anayeirusha kabla ya kuizunguka na kupima mafuta, akifuata orodha iliyoandikwa, hata kama ni rubani wa miaka 20.

2. Kuandika. Kila safari huingizwa daftarini: nani, saa ngapi, na kasoro gani imeonekana.

3. Kuweka akiba. Injini ya ndege ndogo kama Cessna 172 hufunguliwa na kufanywa upya baada ya saa kama 2,000. Kwa hiyo ada ya saa si ya petroli tu. Sehemu yake huwekwa kando tangu siku ya kwanza.

Hapo ndipo wengi wetu tunaanguka. Kikundi kimoja cha akina mama nilichotembelea kilikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Ilifanya kazi vizuri miaka mitatu, kisha injini ikafa. Kasha lilikuwa tupu. Hakuna aliyeiba, kila Krismasi waligawana pesa zote. Kumbe walikuwa wakigawana injini yenyewe!

Tufanye hesabu. Tuseme kutengeneza injini yenu kutagharimu shilingi 60,000 baada ya saa 2,000 za kazi. Gawanya: ni shilingi 30 kwa kila saa. Ziweke kando kabla ya kugawana chochote.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Mashine yetu imefanya kazi saa ngapi? Nani anaandika?
(b) Ikifa kesho, tuna shilingi ngapi?
(c) Tutaanza kuweka akiba lini?

Msifunge mkutano kabla ya kujibu la tatu.